Zalka Asiyepiga Mizinga Gizani

Kijijini kwetu Mrzli Graben barua hufika saa nne asubuhi, na anayezileta ni Zalka Kladnik. Ukimwona mara ya kwanza utadhani amekasirika. Hajakasirika. Ndivyo uso wake ulivyo, na babake Blaž alikuwa nao huohuo, na hata mbwa wao, kama nakumbuka vizuri, aliishia kufanana nao. Ana miaka arobaini na saba. Kiangazi huendesha pikipiki ya posta, na theluji ikipita magoti hutembea kwa miguu, na kwa miaka kumi na tisa hajapeleka barua hata moja mlango usio wake. Mimi naitwa Tine, ni mhudumu wa kanisa hapa, na siku alipobatizwa mimi ndiye niliyeshika mshumaa. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani ninamsifu kwa udugu. Sina udugu naye. Kwa muda mrefu hata sikumtakia mema, na sababu ilikuwa fimbo.

Sisi hapa hupiga mizinga. Tunayo kumi na miwili, ya chuma, mifupi, inakufika magotini, imepangwa mstari mmoja kilimani kando ya kanisa, midomo ikitazama angani. Haimpigi mtu wala kitu, kinachotoka ni mlio tu. Unatia baruti, unatia karatasi, kisha unashindilia udongo wa mfinyanzi kwa fimbo ya mti mgumu hadi mkono ufe ganzi. Siku kubwa ya mizinga ni sikukuu ya Mtakatifu Antoni, msimamizi wa mifugo, tarehe kumi na saba Januari. Alfajiri hupigwa yote kumi na miwili, na alasiri, padri akimaliza kubariki ng'ombe na farasi, hupigwa mitatu. Ile ya alfajiri ndiyo mtihani. Bonde zima limelala chini ya mablanketi likihesabu, na mlio ukichelewa au ukiwa dhaifu, utaambiwa hadi Pasaka.

Anayeshika fimbo ndiye bwana wa mizinga. Kitabu cha chama chetu kinasema fimbo hukaa katika nyumba moja mpaka mzinga ugome. Ukigoma, siku hiyohiyo fimbo inahamia nyumba inayofuata kwenye orodha. Asiyeweza kupiga naye humpa anayefuata, hapohapo. Nyumba ni nne: ya kwanza ya Kladnik, ya pili ya Smrekar, ya tatu ya mwokaji mikate, na ya mwisho ya mhudumu wa kanisa, kwa hoja kwamba yeye tayari ana kengele zake. Nyumba ya Kladnik ilikuwa imeshika fimbo miaka sitini na mmoja bila mzinga kugoma. Mimi niliandikishwa nikiwa na miaka kumi na mitano, na miaka yote hiyo nimengoja. Nilikuwa nikipiga kengele huku moyoni naomba baruti ya Blaž ilowe. Mungu anisamehe, lakini niliomba.

Zalka alianza kuchanganya udongo akiwa na miaka tisa. Baadaye akaolewa na dereva wa malori, ambaye alikwenda Austria kutafuta kazi na hakurudi. Alituma kadi mbili tu, na zote mbili Zalka alijipelekea mwenyewe, akabisha hodi, akaingia. Ndivyo anavyosimulia, na hacheki. Bega la Blaž lilipokwisha nguvu, kazi yote ya kujaza ikawa ya bintiye, na mzee alibaki kuwasha tu, maana mwanamke kuwasha lilikuwa jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Kila mwaka Zalka aliomba, na kila mwaka tulicheka. Oktoba Blaž akafa. Fimbo ilikuwa imelazwa kando ya kitanda chake.

Tulikutana dukani kwa Jernej mwokaji. Drejc Smrekar, binamu yake Zalka, fundi wa mapaa na mtu mwenye kifua kikubwa kuliko subira yake, alisoma kitabu mara mbili kutafuta neno lililosema mwanamume.

"Imeandikwa nyumba," Zalka alimwambia. "Nyumba ya Kladnik. Mimi ni nani, banda la kuku?"

Drejc alifunga kitabu na kusema haya, tutaona Januari, bonde lina masikio.

Sasa, vuli ile miti ya buki ilikuwa imezaa hadi matawi yakainama. Msitu mzima ulifunikwa na vijikokwa vyake vya pembe tatu, na panya-miti tuliowatega Septemba walikuwa na mafuta mengi hivi kwamba mke wa Jernej alikataa wakaangwe ndani ya nyumba. Tungepaswa kujua. Buki ikizaa namna hiyo, panya-miti hunenepa kwanza, kisha wanakuja wale wengine. Lakini walikuwa hawajaonekana huku kwetu tangu mama yangu alipokuwa msichana, na mtu husahau.

Walifika siku ya tatu baada ya Mwaka Mpya. Ni chiriku, wa ukubwa wa ngumi ya mtoto, kifua rangi ya chungwa, na wakiruka unaona weupe juu ya mkia. Kwao ni mbali kaskazini, kwenye misitu ya miti yenye gome jeupe, ambako kiangazi jua halizami. Huko kila dume hukaa peke yake juu ya mti wake na kukoroma wimbo wa sauti moja, ndefu, ya msumeno butu, kumfukuza jirani. Baridi ikiingia wanaacha majivuno yao, wanaungana maelfu kwa maelfu na kusafiri wakitafuta vijikokwa vya buki. Wakivipata wanakaa mpaka viishe. Mwaka unaofuata wanakwenda kwingine. Hawana desturi ya kurudi mahali kwa sababu walitendewa wema hapo.

Mchana walikula katika misitu ya mbali, huko ng'ambo, wakifukua majani makavu, wale wa nyuma wakiruka juu ya wale wa mbele, hivyo kundi lote linasonga kama shuka linalokunjwa. Alasiri walirudi kulala. Na kati ya mabonde yote ya nchi hii walichagua misonobari ya korongo letu, hatua mia mbili chini ya mizinga. Walioujua ukubwa wa makundi walisema ni milioni mbili, wengine milioni tatu. Mimi najua tu kwamba matawi yalivunjika kwa uzito, kwamba theluji chini yake iligeuka kijivu, na kwamba harufu ilifika hadi sakristia. Bundi walinenepa. Vipanga walikuja kutoka mabonde mengine.

Njia ya posta inapita ukingoni mwa korongo, kwa hiyo Zalka alikuwa nao kila siku. Alianza kuandika saa zao nyuma ya fomu za zamani za vifurushi: wanaanza kutoka saa moja na robo, wa mwisho saa moja na nusu na kidogo, wa kwanza kurudi saa nane na nusu. Waliokufa aliwaokota. Aliwaweka juu ya mizani ya posta, akawapima kama barua. Watu walimwona na kusema Zalka sasa amezidi, anataka kuwabandika stempu.

Wiki moja kabla ya sikukuu alituita tena kwa Jernej.

"Nitapiga," alisema. "Yote kumi na miwili. Ila si saa kumi na mbili. Nitapiga wakishaondoka."

"Kina nani wakishaondoka?" Jernej akauliza.

"Chiriku."

Drejc aliweka kikombe chini. "Binamu, hebu tupumzishe. Mtakatifu Antoni awangoje ndege waamke?"

"Wao huamka kabla yako kila siku. Saa moja wewe bado unatafuta soksi."

Jernej alicheka hadi akakohoa. Zalka akaendelea, hana haraka, kama anasoma orodha ya vifurushi. Ukiwashtua gizani, alisema, wanaruka bila kuona. Wanajigonga kwenye matawi, wanajigonga kwenye ukuta wa kanisa. Na anayepona hana la kumsaidia, maana nje ni nyuzi kumi na tano chini ya sifuri. "Nimewapima. Jioni ndege ana gramu ishirini na nne. Asubuhi ana ishirini na mbili. Hizo mbili ni mafuta, ndizo anazolalia. Mkimrusha usiku anazimaliza saa ileile, na asubuhi haioni."

"Gramu mbili," Drejc akasema. "Jamani, tunagombana kwa ajili ya gramu mbili."

"Ndizo alizo nazo."

Hapo ndipo na mimi nikatia neno, na nililitia nikijua linapochoma. "Zalka, mwanangu, babako asingengoja."

"Baba hakuwahi kulala jirani nao, mjomba Tine," akajibu. "Tusimsingizie marehemu."

Drejc akafungua kitabu. Hapo alikuwa na haki na alijua. Mizinga lazima ijazwe mbele ya chama kabla ya kengele ya kwanza, yaani saa kumi na moja na nusu. Isipojazwa, fimbo inahama. Ikishajazwa haifunguliwi, udongo umeshikamana na baruti na ni hatari kuugusa. Kuhusu kupiga, kitabu kinasema alfajiri, kabla ya jua kutoka, basi. Saa kumi na mbili ilikuwa mazoea ya zamani ya kuamsha zamu ya kiwanda cha vioo, na kiwanda chenyewe kimefungwa.

"Kalenda inasema jua linatoka saa moja na dakika arobaini," Drejc alisema. "Haya, ngoja. Baruti itakaa saa mbili na zaidi kwenye ukungu wa Januari. Unaujua ukungu wetu?"

"Naujua."

"Mmoja tu ukigoma—"

"Ni yako. Nimekisoma kitabu, Drejc. Mimi husoma kabla ya kupeleka."

"Ndivyo tulivyokuwa tukishuku," Jernej akasema, na safari hii hata Drejc alicheka.

Padri tulimwendea. Alisema mizinga ni ya chama, kanisa lina kengele tu, na yeye ana mafua.

Usiku wa kuamkia sikukuu ukungu ulipanda kutoka korongoni, mzito, ukaganda juu ya kila kitu. Kabla ya kengele ya kwanza sote wanne tulikuwa kilimani na taa zetu. Zalka alijaza. Nimewaona watu wakijaza mizinga tangu utotoni, na nakiri sijawahi kuona kazi safi kama ile. Vipimo sawa, mapigo sawa ya fimbo, udongo ukaingia hadi ukalia kama jiwe. Kisha akaziba kila tundu la kuwashia kwa nta na kufunika kila mzinga kwa begi la posta. Mabegi alikuwa nayo tisa. Wa kumi aliufunika kwa koti lake, wa kumi na moja kwa shali yake, na wa kumi na mbili kwa kofia ya manyoya iliyokuwa kichwani mwake. Akabaki na sweta.

Nikaenda kupiga kengele. Chiriku hawakushtuka, kengele walikuwa wameizoea tangu siku ya kwanza. Niliporudi ilikuwa imebaki kidogo kufika saa kumi na mbili, na Drejc alikuwa amewasha utambi wake mwenyewe kwenye ncha ya ufito mrefu wa kuwashia.

"Nitakusaidia, binamu. Utasema mkono ulikuwa wangu."

Zalka alikwenda akaketi juu ya mzinga wa kwanza, ule mkubwa, mgongo wima. "Washa," akasema. "Lakini mimi sishuki. Utaeleza wewe kwa mama yako nilivyoruka."

Mamake Drejc ni shangazi yake Zalka, na ni mwanamke ambaye hata padri humpisha njia. Drejc alisimama na utambi wake ukifuka. Saa kumi na mbili ikapita, na kimya kilichofuata sijawahi kukisikia katika sikukuu ile.

Bonde likaanza kuwasha taa. Kufika saa kumi na mbili na nusu watu walikuwa wanapanda kilima, wengine na makoti juu ya nguo za kulalia. Walidhani amelala. Walipomkuta ameketi pale walidhani amepagawa.

"Posta imechelewa leo," mtu mmoja akasema gizani.

"Ina barua nyingi za kupeleka," mwingine akajibu, na wakacheka.

Zalka alibaki juu ya mzinga wake. Nywele zake zilikuwa zimeshika barafu. Nilikuwa karibu naye, niliona magoti yanatetemeka na niliona anayashika kwa mikono ili wasione. Nilikuwa na koti zito. Sikulivua. Nilijiambia kwamba kumsaidia ni kuegemea upande, na mimi ni mhudumu wa kanisa. Huo ulikuwa uongo, na nilijua ni uongo nilipokuwa nikijiambia.

Saa moja na robo kulisikika kitu chini yetu, mfano wa mvua inayoanza juu ya majani. Ni sauti zao, wanaamka, kila mmoja na ule mwito wake wa puani, mfupi, wa kulalamika. Kisha wakatoka. Hawakutoka wote mara moja. Walitoka kwenye mdomo wa korongo kama mto, upana wa kanisa letu mara tatu, wakapita juu ya vichwa vyetu chini kabisa, na upepo wa mabawa ukatupiga usoni. Mto ule ulipita dakika tano, ukapita kumi, na ulikuwa haujapungua. Taa zikawa hazina maana, mwanga ulikuwa umefika, ukaonekana weupe wa migongo yao elfu kwa elfu. Drejc alikuwa amenyanyua uso, mdomo wazi, na utambi ulikuwa umemzimikia mkononi bila yeye kujua.

"Saa moja na nusu," nilisema, maana mtu lazima ashike saa.

"Bado," Zalka akajibu.

Saa moja na dakika thelathini na nne wa mwisho wakapita, wachache, wanakimbilia wenzao. Alingoja mmoja aliyechelewa kabisa, akamfuata kwa macho hadi alipopotea. Ndipo akasimama. Miguu ilikataa mara ya kwanza, akasimama tena. Aliondoa mabegi, koti, shali, kofia, akatoboa nta kwa sindano, akawasha utambi.

Wa kwanza ukalia, na kilima kikatikisika. Wa pili. Wa tatu. Nafasi kati ya mlio na mlio ilikuwa sawasawa, ungeweza kusali nusu ya Salamu Maria kila mara na usikosee. Watu walianza kuhesabu kwa sauti. Walifika tisa, kumi. Wa kumi na moja uliitikiwa na milima yote miwili. Zalka akapeleka utambi kwenye mzinga wa kumi na mbili, ule uliofunikwa kwa kofia tu.

Ukafoka. Moshi mdogo ukatoka tunduni, mweupe, kisha basi.

Alirudi nyuma hatua zinazotakiwa, akangoja dakika zinazotakiwa, akawasha tena. Hakuna kitu. Jua likagusa ncha ya mnara wa kanisa. Zalka alichukua fimbo kwa mikono miwili, akaivusha hadi kwa Drejc.

"Ni yako," akasema. "Angalia mpini, una ufa upande wa kulia. Ukipiga kwa hasira utapasuka."

Miaka sitini na mmoja ilikwisha hivyo. Alivaa koti lake, akakusanya mabegi ya posta, na kwa kuwa haikuwa Jumapili, saa nne alipeleka barua. Kwangu alileta bili ya umeme. Nilimwambia pole. Akaniuliza, "Ya nini, mjomba? Nilijua ukungu ulivyo." Nikamwambia bado tunaweza kukata rufaa mbele ya chama, maana mzinga ule uko ukingoni, unapokea ukungu wote wa korongo. Akasema ameupiga yeye, ameukosa yeye. Kisha akaondoka, na nikakaa na ile bili mkononi nikiwa na aibu niliyokuwa nimeikimbia tangu alfajiri.

Alasiri watu wakaleta mifugo. Ng'ombe walisukwa mikia, farasi wa Jernej alikuwa na utepe mwekundu, na bibi mmoja alileta bata ndani ya kikapu. Drejc alikuwa amejaza mizinga mitatu. Kifua chake kilikuwa mbele zaidi kuliko siku zote, na sikumlaumu, nyumba yake ilikuwa imengoja kama yangu. Lakini padri mwenye mafua husali polepole. Tulipofika kwenye baraka ya mwisho ilikuwa saa tisa kasoro, na juu ya mlima wa magharibi lilikuwa limetokea wingu jeusi lililojikunja na kujikunjua.

Wakaja. Makundi ya kwanza yaliteremka korongoni, mengine yakazunguka juu yetu yakingoja nafasi. Walikuwa wamekula siku nzima na walikuwa wazito, waliruka kwa uvivu, wakajipanga matawini bega kwa bega, wakasukumana kutafuta mahali pa katikati penye joto. Padri akasema amina. Drejc akashika utambi.

Zalka alikuwa kati ya watu, mikono mfukoni. Nilimtazama, nikingoja aseme kitu. Hakumtazama hata Drejc, aliwatazama ndege.

Drejc alipeleka utambi karibu na tundu. Akauondoa. Akaupeleka tena. Mamake alikuwa mstari wa mbele na mbuzi wake, na yeye pia alikuwa kimya, jambo ambalo halijawahi kuandikwa katika historia ya bonde hili.

"Mkono unaniuma," Drejc akasema hatimaye, mtu anayebeba vigae vya paa siku nzima. "Siwezi. Jernej, chukua."

Jernej aliipokea fimbo kama anapokea mkate kutoka tanuri bila kitambaa. "Mimi nina mafua," akasema. "Ya padri." Na akanipa, fimbo na utambi pamoja.

Kwa hiyo nikaishika. Nilikuwa na miaka sabini na sita, na fimbo ya mizinga ilikuwa mkononi mwangu kwa mara ya kwanza. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyodhani. Pale mkono unaposhika, mti ulikuwa umelika na kuacha shimo la vidole, na vidole vile havikuwa vya Blaž, vilikuwa vidogo, vya bintiye. Utambi ulikuwa unawaka. Mizinga mitatu ilikuwa imejaa, hakuna ambaye angenilaumu, kitabu kilikuwa upande wangu. Niliitaka. Sitasema uongo tena: niliitaka kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote, na nilijua nikiirudisha sitaishika tena kabla ya kufa.

Nilichomeka utambi kwenye theluji. Ulilia kidogo, ukazimika.

"Nyumba ya mhudumu wa kanisa haiwezi," nikasema kwa sauti ya kutosha. "Baada ya nyumba ya mwisho, orodha inarudi kwenye ya kwanza."

Zalka alinitazama kwa ule uso wake. "Mimi nilikosa asubuhi."

"Kitabu kinasema fimbo inahama. Hakisemi haiwezi kurudi. Nimekisoma mara mbili."

"Chukua basi, wewe," Drejc akamwambia, bila kumtazama. "Wote tunaganda hapa."

Akaja, akaichukua, akapitisha kidole kwenye ule ufa wa mpini kuona kama umezidi. "Na hii mitatu aliyoijaza Drejc?" akauliza. "Haiwezi kufunguliwa."

"Kesho," nikasema.

"Kesho, wakishaondoka."

Asubuhi iliyofuata hakukuwa na ukungu wala watu. Tulikuwa yeye, mimi, na Drejc aliyesema amekuja tu kutafuta glavu yake. Ndege waliondoka saa ileile, kwa mto uleule. Wa mwisho alipopita, Zalka alitoboa nta kwenye tundu la mzinga wa kwanza, akawasha utambi, na badala ya kusogea akanigeuzia mpini wa ule ufito mrefu.

"Washa wewe, mjomba."

"Mimi ni nyumba ya mwisho."

"Mwenye fimbo ndiye anayeamua. Washa, kabla jua halijatoka."

Nilipeleka moto. Mlio ulinipiga kifuani, ukateremka bondeni, ukarudi. Chini kule mke wa Jernej alikuwa anafungua duka la mikate. Aliniambia baadaye kwamba alisimama na ufunguo mlangoni, peke yake, akamalizia hesabu ya jana kwa sauti: "Kumi na mbili."